Antena sita za nini? Tunavyodanganyana kuhusu waifai ya nyumbani

Jumamosi shangazi yangu wa Tabata kanipigia, "Mwanangu njoo uniangalizie hili dude, kila mwezi nalipia lakini chumbani kwangu linazunguka tu." Nimefika, shikamoo marahaba zimeisha, naomba nioneshwe ruta ilipo, yaani hilo dude linalorusha waifai. Iko ndani ya kabati la tivii, mlango umefungwa, mbele yake kuna tivii yenyewe inchi 43, juu ya ruta kitambaa cha kufuma na juu ya kitambaa ua la plastiki. Isishike vumbi, anasema. Afu kabla sijagusa chochote ananiambia kijana wa dukani Kariakoo kamwonesha nyingine ina antena sita, hiyo ndo dawa, na hela keshaitenga.

Basi tuanze na hilo maana nalisikia kila siku, kwamba antena zikiwa nyingi waifai inafika mbali. Sio moja kwa moja hivyo. Nguvu ya kurusha ina kikomo cha kisheria, mfano Ulaya kwenye masafa ya redio ya 2.4 GHz mwisho ni miliwati 100 hata ruta iwe na miiba kama nungunungu, na watu wanasahau kwamba simu nayo lazima ijibu, yaani ruta inaweza kupiga kelele hadi barabarani lakini kama kasauti ka simu yako hakarudi mpaka sebuleni hamna mazungumzo hapo. Antena nyingi kazi yake kubwa ni kupitisha data kwa njia kadhaa kwa mpigo, na simu nyingi tunazotumia zina antena moja au mbili za waifai, hizo nne zingine zinamsubiri nani? Mkao wake ndo una maana zaidi. Antena ya fimbo inarusha kwa ubavuni, kwenye ncha inatoa kidogo sana, so kama nyumba yako ni ghorofa iache moja imesimama na nyingine uilaze.

Na ile namba kubwa kwenye boksi, tuseme AC1200, ni Mbps (megabiti kwa sekunde) 300 za upande wa masafa ya 2.4 GHz na 867 za upande wa 5 GHz zimejumlishwa halafu zikaongezewa chumvi kidogo, wakati simu yako inakaa upande mmoja tu kwa wakati. Kuna ruta kibao za bei rahisi zimeandikwa hivyo ila matundu ya waya ni ya Mbps 100, kwa hiyo hata ulipie 200 utaona 94 au 95 basi. Geuza boksi usome kwa nyuma, ukikuta 10/100 ujue ndo hiyo.

Halafu kuna malalamiko ya wizi. "Nimelipia 20, nikishusha filamu naona 2 na nusu, hawa wezi!" Hapo mara nyingi hujaibiwa. Kampuni inauza kwa megabiti, kompyuta inakuonesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8, gawanya 20 kwa 8 unapata 2.5 yako kamili. Filamu ya GB 1 kwenye laini ya 20 ni kama dakika 7. Ukitaka kujua kweli unapunjwa, chomeka laptopu kwa waya kwenye ruta, zima vingine vyote, ndo upime spidi. Ukipima kwa simu ukiwa chooni umepima ukuta wa choo.

Hii nyingine ilinichekesha kwa kweli. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ana miaka 16 na kila siku yuko kwenye gemu, ananiambia waifai yao ina majina mawili na lile lililoishia na 5G yeye haligusi kwa sababu simu yake ni ya 4G. Dogo, hiyo sio 5G ya minara! Hiyo ni masafa ya 5 GHz, simu za 4G nyingi zinayashika vizuri tu na hata kama haina laini kabisa haijalishi. Spidi yake ni kubwa ila ikikutana na ukuta wa tofali inachoka haraka. Ile 2.4 inapenya mbali zaidi lakini ndo imejaa watu, majirani wote wapo humo, bluetooth imo, maikrowevu ikiwashwa nayo inavuruga, na chaneli, yaani vijia vya humo ndani, zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Kwahiyo sebuleni karibu na ruta tumia 5, chumba cha mwisho tumia 2.4. Dogo kahamia 5 palepale, hajanishukuru mpaka leo.

Sasa kwenye kununua. Watu wanaita kila kitu modemu (ile inayoleta intaneti ndani), au kila kitu ruta (ile inayoigawa), haina shida ukiwa unaongea tu ila ukienda nayo dukani inakula kwako. Nilishawahi kuletewa modemu ya mtumba, safi kabisa, mtu kanunua kwa bei ya kutupa, naangalia nyuma naona katundu kadogo ka waya wa simu ya mezani. Hiyo ni ya ADSL, inatumia waya wa shaba, kwenye faiba au laini ya simu ya mkononi haikusaidii, labda uigeuze ya kusambazia waifai tu. So kabla ya kutoa hela angalia matundu. Katundu kadogo ka simu ya mezani kalikoandikwa DSL, hiyo ADSL. Sehemu ya kuingiza laini, hiyo ya 4G au 5G, na hapo uliza mawili, imefungwa kwa mtandao mmoja au iko wazi, na inashika masafa yanayotumika hapa kwetu, maana iliyotoka Marekani inaweza isishike yote. Tundu la mraba la plastiki ya kijani, hicho ni kiboksi cha faiba, na hicho kwa kawaida kampuni inakuletea yenyewe kwa sababu lazima kisajiliwe kwao, cha kununua mwenyewe hakikubaliki hivihivi. Unachoweza kununua ni ruta ya kuweka mbele yake, na waya unaotoka kwenye kiboksi unaingia tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti. Ukiuchomeka LAN, yale ya kugawia vifaa vya ndani, utajikuta na mashine mbili zinagawa anwani za vifaa nyumba moja, mara inashika mara haishiki, na hapo mtu ndo anaanza kutukana kampuni.

Kuna wanaosema faiba inavuta radi. Faiba ni kioo, inapitisha mwanga, umeme haupiti. Ila waya unaotoka kwenye nguzo mara nyingi una kamba ya chuma ya kuushikilia, na adapta yako imechomekwa ukutani, radi inapita huko. Mvua ikianza kunguruma chomoa adapta.

Na kwamba umeme ukikatika faiba nayo inakufa. Kigawanyio cha kule kwenye nguzo hakitumii umeme hata kidogo, kinagawa mwanga tu kwa nyumba kama 32 au 64, na kampuni huwa na betri na jenereta upande wao. Kinachokufa ni kiboksi chako na ruta, ambavyo vingi vinakula volti 12. Kuna vile vi-UPS, yaani vibetri vya akiba, vidogo vya volti 12, soma kwanza nyuma ya adapta ukahakikishe, weka kimoja na mgao utaupitisha unaangalia mpira kwenye simu.

Intaneti ikikata usikimbilie kuzima na kuwasha mara kumi. Angalia taa ya LOS kwenye kiboksi cha faiba. Ikiwa nyekundu mwanga haufiki, waya umekatika au umekunjwa, na nimeona faiba imening'inizwa kwenye msumari ikakunjwa kona kali kama kamba ya kuanikia nguo. LOS ikiwa imezima, taa zingine kijani na bado hamna kitu, tatizo linaweza kuwa mbali sana na kwako. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya intaneti ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, nchi nzima ikasuasua, na kuna watu mtaani kwetu walikuwa wameshafungua ruta kwa bisibisi.

Kwa shangazi nimetoa ruta kabatini nikaiweka juu kabisa ya kabati, antena zimesimama. Chumbani tumetoka Mbps 3 tukafika 17, kifurushi kilekile, ruta ileile. Nimegeuka kunywa chai, narudi nakuta kitambaa kimerudi juu yake na ua lake. Nikamwambia shangazi hicho hakizuii waifai, kinazuia joto lisitoke, hebu gusa. Kagusa. "Mh, kama pasi." Kitambaa sasa hivi kiko juu ya redio.