Oksijeni Inapogeuka Sumu kwa Bakteria

Hewa tunayovuta ina oksijeni takriban asilimia 21. Bakteria wa kifua kikuu hawawezi kukua bila oksijeni, na mara nyingi hustawi sehemu ya juu ya mapafu, iliko kwa wingi. Bakteria wa pepopunda wanaokua, kinyume chake, hewa hiyohiyo huwaua.

Oksijeni ikitumika ndani ya seli huacha kemikali kali, mfano hidrojeni peroksaidi, zinazoharibu protini na DNA. Bakteria wengi wana vimeng'enya vya kuzivunja. Kimojawapo ni katalesi: dondoshea peroksaidi bakteria walio nayo, povu litafumka papo hapo. Wasio na kinga ya kutosha hawana budi kujificha mbali na hewa.

Kati ya pande hizo mbili wamo wengine. E. koli, bakteria aishiye utumboni, hutumia oksijeni ikiwepo, na ikikosekana huchachua sukari, ingawa hapo hupata nishati kidogo. Kampilobakta, anayesababisha kuhara, hutaka oksijeni kidogo tu, kama asilimia 5.

Jambo linalonigusa zaidi ni vidonda vyenye kina kirefu na mdomo mwembamba, kama cha msumari. Ndani kuna tishu zilizokufa, damu haifiki, na bakteria wengine humaliza oksijeni iliyobaki. Spora za pepopunda (bakteria hao wakiwa wamelala ndani ya ganda gumu), ambazo zenyewe huvumilia hewa kwa miaka mingi udongoni, hapo huamka na kutengeneza sumu. Kwa hiyo kidonda kidogo kwa nje kisidharauliwe: kisafishwe, tishu mfu ziondolewe, na chanjo ya pepopunda ikaguliwe kama bado inakinga.

Maabara nayo inaweza kudanganyika. Usaha uliochukuliwa kwa pamba na kuachwa wazi unaweza kufika bakteria wake wameshakufa kwa hewa. Hadubini itawaonyesha, lakini kwenye sahani ya kuoteshea hakitaota kitu. Majibu ya namna hiyo yasichukuliwe kuwa hakuna maambukizi. Ni bora zaidi usaha uvutwe kwa sindano na usafirishwe kwenye chombo kisichoingiza hewa.

Hata dawa hufuata oksijeni. Jentamisini huihitaji ili iingie ndani ya bakteria, kwa hiyo haiwafai wanaoishi pasipo hewa. Metronidazoli huanza kufanya kazi pale tu oksijeni inapokosekana. Maambukizi yatokanayo na utumbo uliotoboka huchanganya makundi yote, ndiyo maana mgonjwa wake mara nyingi huandikiwa zaidi ya antibiotiki moja kwa wakati mmoja.