Reli ya kubuni nayo hukosewa

Jumamosi iliyopita nimeambiwa tena. Mgeni alisimama mbele ya meza yangu ya reli ya mfano, ambako treni ndogo zinatembea, akalitazama tawi la Maungu hadi Kasigau, kule karibu na Voi nchini Kenya, kwa muda mrefu, akauliza kama reli hiyo iliwahi kuwepo. Nikamjibu la, nimeibuni. Akafurahi kwa wema kabisa, akanigusa bega: "Basi wewe huna shida. Umebuni mwenyewe, nani atakwambia umekosea?"

Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno na leo nimeamua kuijibu kwa urefu. Wageni huisema. Wenzangu wanaohesabu ribiti, misumari ya chuma, kwenye picha za zamani ili wanakili reli halisi bila kukosea huisema. Hata wale wa "reli yangu, sheria zangu" huisema, tena kwa kujivunia. Makundi haya mawili ya mwisho hayaishi kuzozana, na kinachonishangaza ni kwamba yanaamini jambo moja: kunakili ni kazi, kubuni ni mapumziko. Kundi moja linayadharau mapumziko hayo na jingine linayashangilia. Mimi nimefanya yote mawili, na tawi langu la kubuni limenitoa jasho kuliko stesheni yoyote niliyonakili.

Kwanza tuliondoe lile la uhalisia mtupu, na nitalipita mbio. Mombasa hadi Nairobi kwa reli ya zamani ni kama kilomita 530. Kwa skeli ya HO, yaani 1:87, hiyo ni kilomita 6 na ushee za reli ya mfano. Pinda lenye nusu kipenyo cha mita 200 huko nje linataka nusu kipenyo cha zaidi ya mita 2 mezani. Hakuna mwenye chumba hicho. Kila mtu anabana, anakata, anachagua cha kuacha, na anayejiita mnakili anafanya hivyo kama mimi. Waingereza wengi wanaendesha kipimo cha OO, ambako njia yenye upana wa milimita 16.5 kati ya reli mbili inalazwa chini ya magari ya skeli ya 1:76. Ukipiga hesabu, njia yao ya kawaida ya milimita 1,435 imegeuka kuwa kama 1,257. Imepungua sentimita 18! Waliokerwa na hilo wakahamia kipimo cha EM chenye milimita 18.2, na waliokerwa zaidi wakaenda P4, milimita 18.83. Mimi geji yetu ya mita, yaani upana wa njia kati ya reli mbili, naiweka kwenye reli ya milimita 12, kwa hiyo njia yangu ina sentimita 4 na zaidi ambazo Afrika Mashariki haikuzijua. Nimezikubali. Ambacho sikukikubali ni reli nene ya kodi 100 (kodi ni namba ya kimo cha reli) inayouzwa na kila seti ya mwanzo. Kimo chake ni milimita 2.54, na kwa HO hiyo ni reli ya sentimita 22 kwenda juu. Tawi langu lingekuwa na reli nyepesi za ratili 50 kwa yadi, zenye kimo cha sentimita 10 hivi. Nimetumia kodi 55, bado imezidi kidogo, lakini ukiinamisha macho hadi usawa wa mataruma unaona reli ya watu maskini. Ndivyo ilivyopaswa kuonekana.

Kwa nini maskini? Hapo ndipo kazi ya kubuni inapoanza.

Anayenakili stesheni ya Voi ana picha. Akiweka tangi upande usio wake, picha inamsahihisha. Mimi sina picha, kwa hiyo kila kitu ninachokiweka lazima nikipe sababu, na sababu hizo zisipigane. Nilianza na historia. Mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani wa upande wa Tanganyika, Waingereza walijenga reli ya haraka kutoka Voi kuelekea Maktau ili kupeleka askari na maji, na baadaye ikafika Taveta na kuungana na njia ya Moshi. Hiyo ni kweli tupu. Ni kweli pia kwamba Wajerumani waliwahi kuushika mlima Kasigau. Mimi nikaongeza uongo mmoja tu: kwamba jeshi lilitandika tawi la pili kutoka Maungu hadi chini ya Kasigau, kama kilomita 30, na baada ya vita shamba la mkonge likalirithi.

Uongo huo mmoja ukaanza kunipa amri. Reli ya jeshi iliyotandikwa kwa pupa haina matuta makubwa ya udongo, inaifuata ardhi, kwa hiyo njia yangu inapanda na kushuka. Madaraja yake ni ya magogo na vyuma vilivyookotwa. Reli ni nyepesi. Na kwa kuwa reli ni nyepesi, naomba mnisikilize: Garratt kubwa ya klasi 59, kichwa cha mvuke chenye injini mbili chini ya boila moja, haiingii.

Hili ndilo swali la pili ninaloulizwa kila mara. "Mbona huleti 59?" Naipenda 59 kama mnavyoipenda. Ziliundwa 34 na Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima yetu, kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 250. Mount Gelai, namba 5918, iko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi na mtu yeyote anaweza kwenda kusimama kando ya magurudumu yake. Kwa HO ina urefu wa sentimita 36 na nusu, na ukiiweka mezani watu wanakuja mbio. Lakini kila ekseli yake ya kuvuta inakanyaga kwa tani 21. Ndiyo maana kazi yake ilikuwa njia kuu. Ukiiingiza kwenye reli za ratili 50 juu ya daraja la magogo, umeua dereva na fayamani, mchochea moto wake. Kwenye tawi langu kunatembea klasi 24, kichwa chembamba chenye magurudumu manane ya kuvuta, kinachokanyaga kwa karibu nusu ya uzito huo. Klasi 59 yangu ipo, na inapita Maungu kwenye njia kuu bila kusimama. Mtu anayesema "reli ni yako, ipitishe tu" hajanipa uhuru wowote. Ananitaka nivunje hadithi niliyoijenga kwa miaka mitatu ili yeye apige picha moja.

Sasa nije kwa mzee.

Mwaka jana nilitembelewa na mzee aliyekuwa gadi kwenye treni za mizigo za pwani. Alivaa miwani, akainama, akakaa kimya. Nilidhani atasema kuhusu rangi. Katikati ya njia, kwenye nyika, nina stesheni ndogo ya kubuni niliyoiita Mkwajuni: jukwaa la udongo, banda la mabati, nyumba mbili za wafanyakazi, na tangi la maji juu ya nguzo za chuma. Lile tangi nililipenda. Nilikata mabamba yake ya plastiki moja moja, kila bamba lina mkunjo wa msalaba katikati, na kutu inayochuruzika chini ya kila boliti niliipaka kwa sindano.

Mzee akaliwekea kidole. "Mwanangu, maji haya mnayateka wapi?"

Sikuwa na jibu. Maungu na viunga vyake ni nyika kavu, ukingo wa jangwa la Taru. Wajenzi wa reli walipoivuka miaka ya mwisho ya 1890, maji yao yalikuwa yakiwafuata kwa treni. Nilijua hayo yote, nimeyasoma, na bado nilikuwa nimesimamisha tangi mahali pasipo mto, pasipo kisima, pasipo bomba. Nililiweka kwa sababu stesheni za treni ndogo huwa na tangi.

"Kasigau kuna maji," nikamwambia. "Mlima una ukungu, chemchemi zinashuka."

"Ehe. Sasa yanafikaje hapa?"

Jibu lilikuwa behewa la maji. Na behewa la maji likibebwa lazima liachwe mahali, na tangi langu lilikuwa ng'ambo ya jukwaa, mbali na njia yoyote. Mzee alipoondoka niling'oa nusu ya Mkwajuni. Nikahamisha tangi, nikalaza saidingi, njia fupi ya pembeni ya behewa moja, kando yake, nikaweka pampu ya mkono na kijana wa plastiki anayeisukuma.

Kilichofuata sikukitarajia. Zamani treni yangu iliondoka Maungu, ikafika Kasigau, ikarudi. Dakika nne, basi. Sasa asubuhi behewa tupu linapanda na treni. Kule mwisho linajazwa wakati robota za mkonge zinapakiwa. Wakati wa kurudi, treni husimama kabla ya pointi ya Mkwajuni, pale saidingi inapoachana na njia, kichwa hukata na behewa la maji peke yake, huivuka pointi, halafu hurudi kinyumenyume kuliingiza saidingi. Hilo linawezekana ikiwa tu behewa la maji limefungwa mara baada ya kichwa. Kwa hiyo Kasigau nalazimika kushanti na kupanga mabehewa kabla ya kuondoka, na nikisahau, watu wa Mkwajuni hawana maji siku hiyo. Safari ya dakika nne imekuwa ya dakika arobaini. Yote haya yametoka kwenye swali la mtu aliyegundua kosa kwenye stesheni ambayo haijawahi kuwepo duniani.

Kuna watakaonitajia John Allen, mjenzi wa reli za mfano wa Marekani. Kila mtetezi wa "fanya upendavyo" humtaja. Kweli, reli yake ya Gorre & Daphetid, aliyoijenga Monterey, California, ilikuwa ya kubuni kuanzia jina hadi milima, na kweli alikuwa na dinosau aliyeitwa Emma aliyevuta mabehewa yadini. Wanamkumbuka Emma na kusahau mengine. Allen alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchakaza majengo na mabehewa kwa makini, kutu na vumbi mahali pake, wakati wengine walikuwa wanang'arisha. Alikuwa akialika marafiki waiendeshe reli kwa kazi maalumu, kila behewa lina linakotoka na linakokwenda. Alifariki Januari 1973 na moto ukaiteketeza reli hiyo siku chache baadaye, na hadi leo watu wanazitazama picha zake, kwa sababu milima ile ya uongo ina uzito.

Tena nendeni mkasome habari za Pendon, makumbusho ya mifano midogo ya Uingereza yaliyoanzishwa na Roye England mwaka 1954. Huko ndiko kwenye unakili wa kupindukia: vijiji vya bonde la White Horse vya miaka ya 1930, nyumba kwa nyumba, bustani hadi mboga zake. Na chini ya paa hilohilo wameitunza Madder Valley ya John Ahern, reli ya kubuni kabisa. Wanaohesabu ribiti wa hapa kwetu wangeuliza inafanya nini pale.

Rangi ndipo ninapoyumba, na nasema wazi. Wengi wetu tunafundishwa kwamba kitu kidogo kipakwe rangi iliyopauka kuliko ile halisi, maana hewa kati ya jicho na treni ya mbali huififisha. Nimefuata hivyo kwa wekundu wa vichwa vyangu, na wakati mwingine nikivitazama chini ya taa ya nyumbani naona nimevinyima heshima yao. Nimewahi kupaka kichwa kimoja mara tatu na sina hakika hata sasa. Ila kwa tembo sina shaka. Tembo wangu ni wekundu. Mgeni mwingine alinicheka, akasema hapo nimetia chumvi. Tembo wa Tsavo hujipaka vumbi la udongo ule na hugeuka wekundu kama matofali, na aliyepita Voi hata mara moja anajua. Kitu pekee kwenye meza yangu ambacho hakikubuniwa wala kubanwa, ndicho kilichoitwa cha kubuni.

Halafu kuna lile ninalolala nalo. Tawi langu ni la mwaka 1957. Kenya ya mwaka huo ilikuwa chini ya hali ya hatari, na watu walitenganishwa kwa rangi ya ngozi, kwenye treni na kwenye stesheni pia. Jengo langu la Maungu lina milango mitatu, na juu ya milango hiyo sijaandika kitu. Nimeweka rangi, nimeweka kutu, nimeweka nzi juu ya samaki wa mchuuzi jukwaani, lakini vibao vya nani aingie mlango gani sijaviweka. Wajukuu wangu huja kucheza pale. Mara najiambia nina uhuru wa kuviacha, mara najiuliza ni haki gani ninayodai kwa ajili ya klasi 24 na tangi la maji ambayo siwapi abiria. Mzee wa gadi aliitazama ile milango pia, nilimwona. Hakuuliza kitu.

Amesema atarudi mwezi ujao. Kabla hajafika nataka nimalize behewa la pili la maji, kwani alipokuwa anatoka mlangoni alihesabu nyumba za Mkwajuni kwa kidole, akaongeza mbuzi niliowaweka, akaniambia moja halitoshi.