Kuifungia gari la zamani kompyuta ya cheche: yasemwayo gereji na ukweli wake

Sema tu gereji kwamba unataka kuing'oa distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi kwa zamu, ya Land Rover Series III ya petroli, injini ya cc 2,286, uifungie kompyuta ya taimingi. Utapewa ushauri na kila aliyepo, hadi muuza kahawa. Baadhi ya ushauri huo niliuamini, na nikaulipia.

Kabla ya yote, tukumbushane cheche inafanya nini. Petroli na hewa ndani ya silinda haviwaki vyote kwa mkupuo. Moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa, na kusambaa huko kunakula milisekunde kadhaa. Ndiyo maana cheche hutangulia, pistoni ikiwa bado inapanda. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapita digrii 4.8 kila milisekunde. Ikifika 3,000 inapita digrii 18. Moto haupati kasi kiasi hicho, basi cheche lazima iwahi zaidi kadiri injini inavyokimbia. Kuwahi huko ndiko taimingi, na mabishano yote yanatoka hapo.

"Gari la zamani taimingi yake ni moja, ukishaifunga imekaa"

Fungua distribyuta, nyanyua bamba la pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itoke), utazame chini. Kuna vyuma viwili vidogo na springi mbili. Shafti ikienda mbio, vyuma vinatanuka na kuisukuma kamu mbele, cheche inawahi. Ubavuni kuna kikopo chenye kiwambo cha mpira kilichounganishwa na kabureta kwa mrija: ukiwa huukanyagi mguu sana, mvuto wa hewa unakivuta kiwambo, cheche inawahi tena. Hiyo nayo ni kompyuta, ila ya chuma.

Tatizo lake ni uzee. Springi zinachoka, kiwambo kinatoboka, bushi ya shafti inalegea hadi taimingi inacheza huku na huku. Kisigino cha pointi kikilika, mwanya unapungua na cheche inachelewa kidogo kidogo, na wewe unadhani gari limechoka kupanda milima. Hata ikiwa mpya kabisa, springi mbili haziwezi kuchora mstari wenye mikunjo mingi. Kompyuta inatumia jedwali. MegaJolt, mojawapo ya kompyuta hizo, ina vyumba 10 kwa 10, upande mmoja kasi ya injini, upande mwingine mzigo, na katika kila chumba unaandika digrii unazotaka.

"Mimi nilishafunga elektroniki, hiyo kompyuta ninayo"

Kile kidude kinachokaa mahali pa pointi kimeondoa pointi tu. Ni ununuzi mzuri, siupingi. Lakini vyuma, springi na kiwambo bado viko pale pale na ndivyo vinavyoamua. Ukitaka kubaki na sura ya distribyuta huku hesabu ikifanywa na kompyuta, zipo distribyuta zinazopangika, kama za 123ignition.

"Mambo ya kompyuta ni ya magari ya sindano, kabureta haiyawezi"

Magari ya sindano ni yale yanayonyunyiziwa petroli, hayana kabureta. Lakini Chrysler walifunga mfumo wa kompyuta wa Lean Burn kwenye injini za kabureta mwaka 1976, na Oldsmobile Toronado ya 1977 ilikuja na kompyuta ya cheche ya MISAR, nayo ikiwa na kabureta. Cheche na petroli ni mambo mawili, unaweza kuboresha moja ukaliacha jingine.

Mfumo ambao mafundi wengi wa nyumbani wanaupenda unatokana na magari ya Ford ya miaka ya tisini, unaitwa EDIS. Gurudumu lenye nafasi 36 za meno, moja ikiachwa pengo, linafungwa mbele ya krenki. Kila jino ni digrii 10. Sensa inahesabu meno na pengo linaiambia krenki iko wapi. Moduli ya EDIS inasoma sensa hiyo na kuamuru koili, na kompyuta kama MegaJolt inaiambia digrii za kuwahisha. Kwa silinda nne, pengo lipite mbele ya sensa digrii 90 kabla silinda ya kwanza haijafika juu. Koili inarusha cheche silinda mbili kwa pamoja, ya kwanza na ya nne, kisha ya pili na ya tatu. Moja inawasha, nyingine inapotea kwenye moshi bila madhara.

"Alama ya puli haidanganyi"

Hapa ndipo nilipoumia, na si kwenye Land Rover bali kwenye gari dogo la saluni la binamu yangu. Puli iko mbele ya krenki, na alama yake huonyesha silinda ya kwanza iko juu. Magari mengi yana puli ya vipande viwili, kitovu na ukingo, katikati pamegandishwa mpira. Mpira ukizeeka, ukingo unateleza na alama inakwenda nao. Tulifunga gurudumu la meno, tukaweka digrii kwa kufuata alama, gari likawa linachemsha na halivuti. Tulibadilisha koili, tukabadilisha plagi, tukamlaumu aliyetuuzia. Wiki nzima. Alama ilikuwa imehama karibu upana wa kidole.

Tafuta mwenyewe mahali pistoni inapofika juu kabisa. Toa plagi zote, ingiza kizuizi cha kuizuia pistoni kwenye tundu la plagi la silinda ya kwanza, zungusha krenki kwa mkono, polepole, hadi pistoni iguse, weka alama. Zungusha upande wa pili hadi iguse tena, weka alama. Katikati ya alama hizo mbili ndipo palipo juu kabisa. Na gurudumu la meno lifungwe kwenye kitovu, kamwe si kwenye ukingo wa mpira.

"Distribyuta itupe, haina kazi tena"

Taratibu. Kwenye injini nyingi za zamani distribyuta na pampu ya oili vina undugu. Kwenye Land Rover hii vinatumia mhimili mmoja wa wima, kwa hiyo ukiitoa distribyuta pampu inaendelea, unaziba tundu tu. Kuna injini ambazo distribyuta yenyewe ndiyo inayoizungusha pampu. Hizo ukiitoa bila mbadala, injini itakufa kwa kukosa oili.

Mimi yangu inakaa chini ya kiti. Moduli ya EDIS ikipoteza mawasiliano na kompyuta haizimi gari, inarudi kwenye digrii 10 zisizobadilika na unafika nyumbani ukijikokota. Ila waya wa sensa ya krenki ukikatika, hapo hakuna cha kujikokota.

Kuhusu umeme niseme kwa kifupi. Land Rover za zamani zaidi ambazo bodi yake imeungwa kwenye chanya ya betri lazima zigeuzwe kwanza. Usichukue umeme kwenye waya wenye rezista uliokuwa ukilisha koili ya zamani, vuta mpya kupitia rilei. Na waya za plagi za shaba tupu ziache, kelele zake za umeme zinaichanganya sensa.

"Nipe ramani ya mwenye injini kama yangu, nipakie tu"

Ramani ni lile jedwali la digrii. Wazo hili linakwenda sambamba na lile la kwamba ukiwahisha zaidi unapata nguvu zaidi. Kuna kikomo. Ukikipita, presha inaipiga pistoni ikiwa bado inapanda, mchanganyiko uliobaki unalipuka wenyewe, unasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Ukiuzoea mlio huo, siku moja utakuta pistoni imetoboka.

Sasa chukua ramani iliyopangwa Nairobi. Kule juu, karibu mita 1,800, hewa ina presha ya kama kilopaskali 83. Kiwambo cha distribyuta hakilijui hilo, maana kinalinganisha tu ndani na nje: ukikanyaga mguu wote, hakisikii kitu, uwe Nairobi au Mombasa. Sensa ya presha ya kompyuta, inayosoma mzigo, inapima presha kamili. Kwa hiyo aliyepanga Nairobi, hata akanyage vipi, hajawahi kufika kwenye safu ya kilopaskali 100 ya jedwali lake. Namba zilizomo humo ni za kubahatisha. Mteremke naye hadi Mombasa, kwenye joto, gari limejaa, mguu chini kabisa, na safu hiyo ndiyo itakayotumika kwa mara ya kwanza. Punguza digrii za safu hizo kabla hujafika Voi, mji ulio njiani, kisha uziongeze moja moja huku redio imezimwa na sikio liko kwenye injini.