Mbwa harudi kwenye hasara

Saa 12 na nusu asubuhi, maji yamekupwa, mchanga uko wazi mpaka zilikolala ngalawa. Mteja wangu, mama wa watoto watatu, amesimama na mnyororo mkononi, anaita: "Radi! Radi njoo! We Radi! Njoo hapa! Radi, rudi! Radi!" Nilihesabu mara 11. Radi ana miezi 11, chotara wa jemani shepadi na mbwa wa kienyeji, na asubuhi hiyo alikuwa akiwakimbiza kunguru. Kunguru huruka, hutua hatua 30 mbele, mbwa huanza upya. Alipoitwa mara ya kwanza sikio moja liligeuka. Baada ya hapo hata sikio halikugeuka.

"Huyu ana kichwa kigumu, mwalimu," akaniambia. "Nyumbani anakuja vizuri tu. Tukitoka nje ananidharau."

Nafundisha mbwa na wenye mbwa hapa Dar es Salaam, na neno hilo la dharau nalisikia karibu kila wiki. Silipuuzi, maana ndilo linalomfanya mtu mpole kabisa amchape mbwa wake. Anayeamini amedharauliwa hutafuta adhabu. Lakini Radi hakuwa akimdharau mtu. Alikuwa akipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Nyuma yake kulikuwa na mtu aliyeshika mnyororo, na mnyororo ukishafungwa kinachofuata ni gari, kisha geti, kisha banda mpaka usiku. Mbele yake kulikuwa na kunguru. Hata mimi ningekwenda kwa kunguru.

Mwaka 1898 Edward Thorndike, Mmarekani, alichapisha majaribio yake ya paka waliofungiwa kwenye masanduku, chakula kikiwa nje. Paka alihangaika mpaka akagusa kwa bahati kile kilichofungua mlango. Siku hadi siku alitumia muda mfupi zaidi kutoka. Kitendo kinacholeta kheri hurudiwa, kinacholeta shari huachwa. Kazi yangu yote imejengwa juu ya jambo hilo, na kwa mbwa anayeitwa arudi, swali ni moja: akifika kwako anapata nini, na anapoteza nini?

Mimi jibu nililipata vibaya. Nilipokuwa kijana nilikuwa na mbwa aitwaye Jeki. Jioni moja alitoroka, akarudi mwenyewe usiku akitingisha mkia, nami nikamchapa kwa ndala. Moyoni mwangu nilikuwa namchapa kwa kutoroka, ila kutoroka kulikuwa kumepita saa tatu nyuma. Alichokuwa akikifanya wakati ndala inatua ni kunijia. Siku chache baadaye geti liliachwa wazi, akavuka barabara. Nilipomwita alisimama ng'ambo, akaangalia mikono yangu, akasita. Pikipiki ikamgonga akiwa amesita hivyo hivyo. Aliishi miaka mingine sita akichechemea, na kila nilipomwona akipanda ngazi za baraza nilikumbuka ile ndala.

Nikianza kazi nyumba mpya siishiki kamba siku ya kwanza. Naomba kiti barazani na daftari, naandika kila anayesema "njoo" na kinachomfuata mbwa baada ya hapo. Kwa kina Radi ilikuwa hivi: dada wa kazi alisema njoo, Radi akaogeshwa. Baba alisema njoo, Radi akapakwa dawa ya kupe. Mlinzi alisema njoo saa moja asubuhi, Radi akafungiwa bandani. Watoto walisema njoo mara zisizo na idadi, na hakikutokea chochote. Mtu mmoja husema "njoo", mwingine "njoo hapa", wa tatu "rudi", wa nne hupiga mluzi. Sisi tunasikia jambo moja. Mbwa anasikia sauti nne tofauti, na hakuna hata moja iliyowahi kumfaa.

Neno lililoharibika kiasi hicho silihangaikii, natafuta jipya. Liwe fupi, liishie na irabu inayobebeka kwa upepo, na lisiwe linatamkwa ovyo nyumbani. Watoto wa nyumba ile walichagua "Nanga!", na nikalipenda mara moja. Hakuna aliyekuwa amewahi kumgombeza Radi kwa neno nanga.

Wiki ya kwanza tulikaa jikoni na sebuleni. Hapa kuna jambo dogo linaloharibu kazi za wengi, nalo ni mpangilio. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huanza kutokwa mate kwa sauti tu iwapo sauti imekuwa ikitangulia chakula. Sauti ikija pamoja na chakula au baada yake, haifundishi kitu, au inafundisha kidogo mno. Sasa mtazame mtu akimwita mbwa: mkono unaingia mfukoni, karatasi inachakacha, ndipo neno linatoka. Mbwa ameshauona mkono, neno halina kazi tena. Kwa hiyo mikono itulie. Sema "Nanga!" mara moja kwa furaha, ndipo mkono uende mfukoni. Mara tatu nne asubuhi, tatu nne mchana, tatu nne jioni, tena wakati mbwa hatarajii.

Nasisitiza mara moja. Ukisema mara 11, unamfundisha kwamba neno lina urefu wa mara 11, na kumi za mwanzo ni za kupuuza.

Na malipo yawe malipo kweli. Mkate mkavu haushindani na kunguru. Natumia maini ya kuku ya kuchemsha, firigisi, au dagaa waliolowekwa maji yakamwagwa ili chumvi ipungue, vyote vikatwe vipande vidogo kama punje ya hindi. Usichukue nyama ya sufuria iliyoungwa kwa vitunguu, vitunguu ni sumu kwa mbwa. Kwa Radi dagaa ndio walioshinda, harufu yao inamfikia kabla mkono haujafunguka.

Kutoka sebuleni hatuendi ufukweni. Tunakwenda uani geti likiwa limefungwa, watu wawili wakimwita kwa zamu. Kisha uani jirani akiwa anafagia upande wa pili. Kisha nje ya geti, alfajiri, kabla bodaboda hazijachangamka. Kila hatua ni mtihani mpya, kwa sababu mbwa hachukui somo la jikoni na kulipeleka barabarani kama tunavyodhani. Kwake, neno la jikoni ni la jikoni mpaka utakapomfundisha kwingine.

Nje tunatumia kamba ya mita 10. Hapa naomba usikilize, kwani nimeona viganja vilivyochunika. Kamba ya mviringo ya nailoni, ile ya kufungia mizigo, ikivutwa na mbwa wa kilo 30 aliyeshika kasi inakata ngozi kama kisu. Tafuta mkanda bapa, mpelekee fundi wa mabegi akushonee kulabu upande mmoja, uvae glavu, na usiuzungushe mkononi kamwe. Mbwa avae mkanda wa kifuani, si kola ya shingoni, kwa sababu siku atakapofika mwisho wa kamba kwa mbio, shingo yake isibebe pigo hilo. Na kamba si ya kumvutia aje. Ukimvuta, umemleta wewe, hajaja yeye. Iache iburuzike mchangani, kazi yake ni kumzuia asifike barabarani tu.

Ukishaita, mwili wako nao uite. Watu wengi husimama wakiwa wameinamia mbele, macho makali, wengine wakaanza kumfuata. Kwa mbwa mwenye nguvu, kufuatwa ni mchezo wa kukimbizana na yeye ndiye anayeongoza. Geuka, kimbia kwenda upande mwingine, kisha chuchumaa ukiwa umemgeuzia ubavu. Yule mama aliona haya kukimbia ufukweni mbele ya wavuvi. Alipokimbia, Radi alimpita.

Akifika, kwanza shika mkanda wake wa kifuani, ndipo utoe dagaa mkono ukiwa bado umeshika. Ukikosa kufanya hivyo utapata mbwa anayenyakua na kuondoka, na siku ya hatari utamwona yuko nusu hatua kutoka kwako lakini hashikiki.

Sasa nafika mahali ninapopapenda kuliko pote. Mwaka 1959 David Premack, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha jaribio la watoto wa shule waliowekewa mashine ya mchezo na mashine ya peremende. Waliopenda mchezo zaidi walikula peremende nyingi zaidi pale ambapo kula kulikuwa ndiyo njia ya kupata kucheza. Maana yake kwetu ni kwamba kile kinachomtoa mbwa kwako kinaweza kuwa ndicho malipo ya kuja kwako. Kwa hiyo Radi akija, ameshikwa, amekula dagaa mmoja, anaambiwa "Nenda!" na anarudishiwa kunguru wake. Kati ya miito 10, tisa iishe hivyo. Mwenye mbwa huogopa: nimempata halafu nimwachie? Ndiyo, mwachie. Kila unapomwachia unamwonyesha kwamba kuja hakumalizi raha. Hesabu yake ya asubuhi ile ya kwanza inageuka hapo.

Kuna watu hunishauri nimchoshe mbwa kwanza, apige mbio mpaka alegee. Mimi siungi mkono. Ukimkimbiza saa moja kila siku, baada ya mwezi una mbwa mwenye pumzi ya mkimbia marathoni na somo halijasonga. Ninachofanya ni kumpa dakika 15 au 20 za kunusa anapotaka, kamba ikiwa imelegea. Mbwa aliyefungiwa kutwa ana njaa ya harufu kuliko ya mbio, na akishashiba harufu masikio hufunguka. Mbwa wengi wa ulinzi mjini hapa hawajui kitu zaidi ya banda na uzio, kisha tunashangaa geti likifunguka wanatoka kama risasi.

Umri nao una sehemu yake. Mwaka 2020 Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuongoza wasioona. Wakiwa na miezi minane, mbwa hao walimtii mlezi wao kidogo kuliko walipokuwa na miezi mitano, lakini kwa mtu mgeni utii haukushuka hivyo. Nilipomsimulia yule mama alicheka kwa faraja, ana kijana wa miaka 14 nyumbani. Ujana huo hupita. Unachotakiwa ni kurudi kwenye kamba wiki kadhaa bila kinyongo, si kuongeza ukali.

Naulizwa sana kuhusu kola za umeme zinazoagizwa mtandaoni, zile zinazompiga mbwa shoti shingoni. Sizitumii. Wales ilizipiga marufuku mwaka 2010. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha matokeo ya mbwa 63 waliofundishwa kuitika wito, wengine kwa kola hizo na wengine kwa malipo, na wa kola hawakuonyesha ubora wowote. Kama maini ya kuku yanafanya kazi hiyo hiyo, kwa nini nimuumize?

Kwa pwani yetu kuna sababu nyingine ya kulifanyia kazi jambo hili kwa bidii. Ijumaa kabla ya saa saba, mtu ametawadha, amevaa kanzu yake safi, anakwenda msikitini, na mbwa kijana mwenye furaha anamrukia amlambe. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi huku, mate ya mbwa ni najisi nzito: palipoguswa panaoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Mbwa hana ubaya wowote moyoni, lakini umemharibia jirani ibada yake. Mbwa wa mteja wangu awe anageuka akiwa mita 20 kutoka kwa mtu huyo. Na awe amechanjwa kichaa cha mbwa, kadi iwe nyumbani, hilo sina mjadala nalo.

Wengine hupenda filimbi, nami naikubali kwa mwenye sauti ndogo, au kwa mwenye hasira za karibu, kwani filimbi haina ghadhabu ndani yake. Ila mitaani kwetu refa wa mpira wa jioni anayo, na mlinzi wa usiku anayo. Chagua mlio wako, kwa mfano mifupi mitatu ya haraka, na uufundishe tangu jikoni kama neno.

Wiki ya tisa tulirudi ufukweni pale pale. Kamba bado ilikuwa inaburuzika nyuma yake. Kunguru walikuwapo, na safari hii wavuvi walikuwa wameanika dagaa juu ya nyavu, jambo lililonitia wasiwasi kuliko kunguru. Radi alikuwa ameshaanza mbio mama alipoita, "Nanga!" Mara moja tu. Miguu ya mbele iliupasua mchanga, akageuka na kuja akiwa ameinamisha masikio. Mkono ukashika mkanda, dagaa wawili, "Nenda!" Akaenda.

Asubuhi hiyo aliitwa mara 14. Mara 13 aliachiwa. Ya mwisho ilikuwa saa moja na robo, mchanga ukianza kupata moto, na hata hapo mnyororo ulipofungwa hawakwenda garini. Walikaa kwanza chini ya mkungu, mama akamimina maji kwenye kifuu, Radi akanywa, akalala ubavu akitazama kunguru.