Jibini la Leland na Biblia ya Jefferson

Kila muhula swali hurudi darasani kwangu: waasisi wa Marekani walikuwa Wakristo, au walikuwa watu wa akili tu, dini wameiweka kando? Nafundisha historia ya fikra za siasa, na swali hilo silipendi. Linawalazimisha marehemu wajiunge na kambi zetu. Badala yake mimi huwarudisha wanafunzi kwenye jimbo la Virginia la enzi hizo.

Thomas Jefferson kwanza. Mwaka 1820, mzee wa miaka sabini na kitu, alimaliza kuzikata Injili mstari kwa mstari na kubandika upya maneno ya Yesu kwa Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza. Miujiza karibu yote iliishia kwenye mabaki ya karatasi. Kitabu chake kinakoma kaburini, jiwe limeshavingirishwa mlangoni, Pasaka haimo. Mtu huyu ndiye aliyeandika Azimio la Uhuru la 1776, haki za asili akizitoa kwa mwanafalsafa Mwingereza John Locke, na Muumba akamtaja humohumo. (Watumwa aliowamiliki maishani walizidi 600. Haki hizo hazikuwafikia.)

Sasa njoo kwa Wabaptisti. Kabla ya mapinduzi ya kujitenga na Uingereza, Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa la serikali Virginia: makasisi wake walilipwa kwa kodi ya wote, uwe muumini wao usiwe. Mbaptisti aliyehubiri bila leseni aliweza kutupwa jela. Januari 1774 kijana James Madison, rais wa baadaye, alimwandikia rafiki yake, amejaa hasira, kwamba wahubiri watano au sita wako kifungoni kaunti ya jirani. Madison alikuwa ametoka masomoni kwenye chuo cha Princeton, mikononi mwa John Witherspoon, mchungaji Mpresbiteri wa Uskoti. Kwa Wapresbiteri wa aina yake, dhambi imo ndani ya kila mtu. Basi hakuna wa kuaminiwa na madaraka yote; ndiyo maana sishangai Madison kumsoma mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu na kukubali haraka kwamba madaraka yagawanywe.

Mwaka 1784 Patrick Henry, mwanasiasa wa Virginia, alitaka kodi ya kuwalipa walimu wa Ukristo, kila mlipaji achague dhehebu lake. Ukiisikia haraka, ni haki tupu. Madison aliandika waraka wa kuipinga, lakini malalamiko ya waumini wa kiinjili yalikusanya saini nyingi kuliko waraka wake. Walisema imani ya kulazimishwa Mungu haitaki. Muswada ukafa, na Januari 1786 ikapita sheria ya Jefferson ya uhuru wa dini. Msingi wake? Kwamba Mwenyezi Mungu ameiumba akili ikiwa huru. Hapo mkata Injili na mhubiri aliyefungwa jela wanasaini karatasi moja, kila mmoja kwa sababu yake.

Tarehe 1 Januari 1802 mhubiri Mbaptisti John Leland alimfikishia Jefferson, sasa rais, zawadi ya jibini la zaidi ya kilo 500 kutoka Cheshire, Massachusetts. Siku mbili baadaye Leland alihubiri ndani ya ukumbi wa bunge. Jefferson alikuwa amekaa, anamsikiliza.