Kwa nini barafu ya ukwaju huisha utamu kabla haijaisha yenyewe?

Saa saba mchana Mji wa Kale, Mombasa, jua kali. Mtoto katoka chuoni, kang'ata ncha ya kifuko cha barafu ya ukwaju, ananyonya. Mara nne tano tu, rangi na utamu vyote vimekwenda, mkononi kabaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Atasema muuzaji kabana sukari. Anamwonea.

Maji yanapoganda, molekuli zake, yaani chembe zake ndogo mno, hujipanga safu safu, na katika safu hizo sukari haina pa kukaa. Husukumwa kando, ikajikusanya kwenye vijia vya maji ambayo bado hayajaganda. Hayo ndiyo yanayokuja mdomoni kwanza.

Mbona hayo hayakuganda? Maji safi yakiwa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi pamoja na barafu, molekuli zinazojiunga na barafu huwa sawa na zinazobanduka. Tia sukari: zinazojiunga zitapungua, kwa kuwa sasa sukari nayo imechukua nafasi majini, ila zinazobanduka ni zile zile. Barafu inayeyuka. Ili mambo yawe sawa tena, lazima baridi izidi. Gramu 342 za sukari katika kilo moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 1.86 hivi. Tena kila barafu ikiongezeka, maji yaliyobaki huzidi utamu, na kuganda kwake huzidi kuwa kazi.

Mfaransa François-Marie Raoult alilichunguza sana jambo hili karne ya 19. Kinachohesabiwa hasa ni wingi wa chembe zilizoyeyuka majini, si aina yake. Hapo chumvi huishinda sukari, maana ikiyeyuka hugawanyika chembe mbili mbili, sodiamu na kloridi. Maji ya bahari huganda karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Na anayetengeneza aiskrimu kwa ndoo, bila friza, hutia chumvi kwenye barafu iliyopondwa: barafu huyeyuka, kuyeyuka kunataka joto, na joto hilo hunyang'anywa maziwa yaliyo kwenye chombo katikati ya barafu hiyo. Mchanganyiko huo waweza kufika nyuzi 21 chini ya sifuri, kwa hiyo usitie mkono.

Ama barafu ya ukwaju, ukitaka utamu ufike mwisho, usiinyonye. Itafune.