Sungura Kwenye Theluji Hafukuzwi

Wengi wanaokuja kwenye darasa ninalojitolea kufundisha usalama wa uwindaji hapa Minnesota, hasa ndugu zetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, huja na picha moja kichwani: sungura anatimka, mbwa nyuma yake, vijana nyuma ya mbwa, fimbo juu. Mimi mwenyewe nimekulia Singida na picha hiyo hiyo. Ukiileta kwenye theluji ya magotini utarudi nyumbani mfuko mtupu, na jasho limekugandia mgongoni.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Sisi wote tunawaita sungura, lakini huku kuna wa jamii mbili. Kaskazini, kwenye misonobari, yuko Lepus americanus, ndugu wa yule mjanja wa hadithi za bibi: watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na miguu yake ya nyuma ni mipana ajabu, haizami kwenye theluji. Kusini, pembezoni mwa mashamba ya mahindi na hata nyuma ya nyumba zetu mijini, yuko Sylvilagus floridanus. Huyu ni mdogo, kilo moja au moja na nusu hivi, kahawia mwaka mzima, mkia kama kipande cha pamba. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu.

Ninayemwinda ni huyu wa pili. Yule wa kaskazini hugeuka mweupe majira ya baridi, na kinachomgeuza ni kufupika kwa mchana, si theluji yenyewe. Theluji ikichelewa utamkuta mweupe pepepe juu ya majani makavu, ametulia tuli, anaamini amejificha. Sheria haikukatazi kumpiga. Mimi simpigi.

Siku ninayoipenda ni ya pili baada ya theluji kuanguka. Usiku wa kwanza, kama imeshuka nyingi, sungura hujibana alipo, na asubuhi shamba zima ni karatasi tupu. Usiku wa pili njaa humtoa. Nyayo zake huwachanganya wageni: alama mbili ndogo, mbele yake mbili kubwa, na mtu hushika njia kinyume. Sungura akiruka, miguu ya mbele hutua kwanza, kisha ya nyuma huipita na kutua mbele yake. Fuata makubwa.

Halafu tazama vijiti. Kilichokatwa mshazari, safi kama kwa kisu, ni kazi ya sungura. Kilichochanika na kuacha nyuzi ni kulungu, maana kulungu hana meno ya mbele taya la juu, huvuta na kunyofoa. Ukikuta mkato bado mbichi, na chini yake vinyesi vya duara kama mbaazi juu ya theluji mpya, simama.

Na kusimama ndiyo kazi yenyewe. Mtu akipita bila kukoma, sungura hutulia na kumwacha apite. Akisimama, sungura huanza kuingiwa na wasiwasi kwamba ameonekana. Mimi hupiga hatua kumi, nikasimama na kuhesabu hadi thelathini. Mara nyingi hutoka nikiwa ishirini na kitu, tena nyuma yangu. Ukimtafuta mzima mzima hutamwona, tafuta jicho. Januari moja nilikuwa na kijana wa Bukavu mbele ya rundo la matawi kando ya uzio. "Mwalimu, hapa hakuna kitu," akasema. Nikamwonyesha kwa kidole, hatua nne tu. Alikodoa macho weee, mpaka pua ya sungura ilipocheza ndipo akaona lile tone jeusi linalong'aa lilikuwa likimtazama muda wote.

Akitimka, mwache aende. Eneo lake ni dogo, hekta chache, na analijua kama chumba chake. Akifuatwa na mbwa huzunguka na kurudi karibu na malalo aliyotoka. Ndiyo maana hapa wanapenda beagle, mbwa mfupi wa miguu, mwenye pua kali na sauti ya kukuambia wamefika wapi. Mwenye bunduki hukaa pale pale sungura alipoanzia, mahali palipoinuka kidogo, akangoja. Mbwa wa mbio huharibu mambo: sungura akibanwa sana hujitosa kwenye shimo lililochimbwa na mnyama mwingine, na mchezo umekwisha.

Natumia shotigani ya geji 20 (upana wa mtutu) na marisau namba 6 (ukubwa wa punje). Bunduki ya .22, yenye risasi moja ndogo, inafaa kwa sungura aliyetulia, lakini risasi yake ikigonga barafu hudunda ikaenda usikokujua. Mwaka wangu wa pili niliteleza mtaroni, mtutu ukachoma theluji. Nikajikung'uta nguo na kuendelea. Mzee niliyekuwa naye akaniuliza kama nimetazama ndani ya mtutu. Nikaitoa risasi, nikachungulia kwa nyuma: giza. Kizibo cha theluji kilikuwa kinageuka barafu. Ningefyatua vile, mtutu ungeweza kupasuka mikononi mwangu.

Msimu hapa huanza katikati ya Septemba na kwisha Februari, lakini wazee husubiri baridi kali. Wanaogopa tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe na inzi wanaouma, na pia kwa kushika mnyama mgonjwa. Baridi huwatuliza kupe, na sungura wagonjwa wengi huwa wameshakufa. Hata hivyo vaa glavu ukichuna, na ulitazame ini. Likiwa na vidoa vyeupe vidogo vidogo, usimle. Sungura mzito wa kukimbia naye muache. Ukipata homa baada ya kuchuna, mwambie daktari kwamba ulishika sungura. Inatibika kwa antibiotiki, ila asipoambiwa hawezi kukisia.

Kama umezaliwa baada ya 1979, kwa kawaida leseni hupati bila cheti cha usalama wa bunduki. Na haya usiyapeleke nyumbani kichwakichwa: Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania huwindi bila leseni.

Nyama yake ina mafuta kidogo mno. Ndiyo maana watu wa kaskazini walioishi kwa sungura pekee waliugua huku matumbo yamejaa. Mimi humchemsha polepole saa moja na nusu na vitunguu na tangawizi, kisha namalizia kwa tui zito la kopo. Jirani yangu Msabato haonji, kwake sungura ni najisi, lakini kila Jumapili nikipika huja kuuliza nimepata wangapi.